Mara mbili: historia fupi ya kioo kinachosogea

Kama ulisoma shule ya msingi yenye madirisha makubwa na mwalimu mkali, huenda unaukumbuka mchezo huu. Mtu mmoja ana kipande cha kioo kilichovunjika mfukoni. Jua linaingia dirishani. Anakiinua kidogo tu, na doa la mwanga linatua ukutani juu ya ubao, halafu linaanza kukimbia: darini, kwenye shati la mwalimu, usoni kwa rafiki aliyesinzia. Vidole vikitikisika kidogo, doa linaruka mita nzima. Sisi tulidhani ni ukorofi tu. Kumbe mkononi tulishika kitu ambacho watu wamekitumia kuongoza meli, kusoma telegrafu iliyopita chini ya Bahari ya Atlantiki, na kupima mwendo wa nuru ndani ya chumba kimoja.

Historia ninayotaka kukusimulia leo ni ya namba moja ndogo, namba 2. Na nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili nilipewa kazi ya kupima jinsi ukanda mwembamba wa chuma unavyojipinda ukibebeshwa uzito. Njia yenyewe ni rahisi: unabandika kioo kidogo kwenye ukanda, unamulika kwa leza, unaangalia doa linahamia wapi ukutani. Majibu yangu yalikuwa makubwa kupita kiasi. Nililaumu leza, nikalaumu meza, nikafikia hatua ya kulaumu malori yanayopita barabarani. Wiki mbili nzima. Ndipo fundi wa maabara, mzee mmoja mpole ambaye hakuwahi kuwa na haraka, akasimama nyuma yangu akatazama daftari.

"Mwanangu, umegawa kwa mbili?"

"Kugawa nini, mzee?"

Hakujibu. Akachukua kioo, akakizungusha kidogo, akanionyesha doa. Nikanyamaza.

Baadaye, nikisoma historia ya vyombo vya maabara, nilipata faraja: kuna mtu mkubwa kuliko mimi aliyeteleza kwa namba hiyohiyo, tena mbele ya ulimwengu mzima. Tutafika kwake. Kwanza tuelewane kuhusu kioo chenyewe.

Simama mbele ya kioo bapa, kile cha kawaida cha kwa kinyozi, umbali wa mita 2. Taswira yako iko mita 2 nyuma ya kioo. Kati yako na taswira kuna mita 4. Sasa tembea kuelekea kioo kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Sekunde moja baadaye uko mita 1 kutoka kwenye kioo, taswira nayo iko mita 1 upande wa pili, na kati yenu zimebaki mita 2. Umetembea mita 1, lakini umbali umepungua mita 2. Taswira inakujia kwa kasi mara mbili ya kasi yako mbele ya kioo. Hapo hakuna ajabu: wewe unakwenda, na yeye anakuja.

Ngoja, sasa geuza. Wewe simama tu. Watu wawili wabebe kioo wakuletee kwa mwendo uleule, mita 1 kwa sekunde. Kioo kilikuwa mita 2 kutoka kwako, sasa kiko mita 1. Taswira ilikuwa mita 4 kutoka kwako, sasa iko mita 2. Kioo kimesogea mita 1 juu ya sakafu, taswira imesogea mita 2 juu ya sakafu hiyohiyo. Taswira imeipita mwendo ile mali iliyoizaa! Ukitembea sambamba na kioo, taswira inatembea nawe bega kwa bega na umbali haubadiliki hata kidogo. Ukitembea kwa mshazari, ni ile sehemu tu ya mwendo wako inayoelekea kwenye kioo ndiyo inayohesabiwa mara mbili.

Kioo kikizunguka, mambo ni hayohayo. Kama una kabati lenye kioo mlangoni, fungua mlango polepole ukiwa umesimama mahali pamoja. Chumba kizima kitapita mbele yako kwa kasi isiyo ya kawaida. Mlango ukigeuka nyuzi 45, unachokiona kimegeuka nyuzi 90. Sababu ni ile sheria tuliyokariri sekondari, kwamba pembe ya mwale unaoingia ni sawa na pembe ya mwale unaotoka. Geuza kioo uzi mmoja: pembe ya kuingia inaongezeka uzi mmoja, kwa hiyo ya kutoka nayo lazima iongezeke uzi mmoja. Jumla, mbili. Ndiyo maana doa la darasani lilikuwa na kiherehere kuliko mkono uliolishika.

Sheria yenyewe ni ya zamani sana. Wagiriki waliijua. Hero wa Alexandria aliieleza kwa hoja kwamba mwale huchagua njia fupi kuliko zote. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo karne ya 11, aliandika Kitab al-Manazir na humo akaeleza kifaa cha kuijaribu sheria hiyo kwa vioo vya aina mbalimbali, bapa na vya kupinda. Lakini maswali yao makubwa yalikuwa juu ya mahali taswira ilipo. Taswira inavyokimbia ilingoja watu wenye shida tofauti kabisa, yaani watu waliokuwa wanazama baharini.

Jahazi linayumba, nyota haitulii

Nahodha akitaka kujua yuko umbali gani kaskazini au kusini, anapima nyota au jua limeinuka nyuzi ngapi kutoka kwenye upeo wa bahari. Mabaharia wa Bahari ya Hindi, pamoja na wa pwani yetu, walitumia kamal: kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Unaung'ata uzi, unanyoosha kibao mbele ya macho, ukingo wa chini unagusa upeo na wa juu unagusa nyota, halafu unahesabu mafundo. Kifaa chepesi, cha bei nafuu, na kwa nyota iliyo chini karibu na upeo kinafanya kazi vizuri. Wazungu walikuwa na fimbo zao za msalaba, na baadaye kifaa cha John Davis kilichotumia kivuli cha jua.

Kamal na fimbo ya msalaba vina ugonjwa mmoja. Jicho lazima liangalie mahali pawili kwa wakati mmoja, huku sitaha inapanda na kushuka. Ukikosea uzi mmoja, umekosea maili 60 za bahari, kama kilomita 111. Hiyo ni zaidi ya safari ya boti kutoka Dar es Salaam hadi Unguja. Nahodha aliyekosea hivyo usiku karibu na miamba hapati nafasi ya kusahihisha daftari.

Mwaka 1731 John Hadley aliwaonyesha wenzake wa Royal Society ya London kifaa kipya chenye vioo bapa viwili. Wakati uleule, bila wao kujuana, Thomas Godfrey wa Philadelphia naye alikuwa amebuni kifaa cha aina hiyo. Godfrey alikuwa fundi vioo, wa madirisha kabisa, na mimi hupenda kumtaja kwanza mtu akiniuliza nani aligundua. Tena Edmond Halley alipofariki mwaka 1742, kwenye karatasi zake yalikutwa maelezo ya Newton ya kifaa kinachofanana, yamekaa hapo miaka bila kutangazwa.

Wazo ni hili. Kioo cha kwanza kimefungwa kwenye mkono unaozunguka. Mwanga wa nyota unakigonga, unaruka kwenda kioo cha pili ambacho hakisogei, na kutoka hapo unaingia machoni. Pembeni ya kioo hicho cha pili unauona upeo wa bahari moja kwa moja. Unazungusha mkono mpaka nyota ionekane imeteremka na kukaa juu ya maji. Basi, pembe uliyoizungusha ndiyo inayokupa jibu, isipokuwa kwamba ni nusu ya jibu. Kioo kimegeuka nyuzi 20, nyota imeteremshwa nyuzi 40.

Ndiyo sababu kifaa cha Hadley kiliitwa oktanti: tao lake ni sehemu moja ya nane ya duara, nyuzi 45, lakini kinapima hadi 90. Na kwa kuwa hakuna baharia anayetaka kufanya hesabu za kuzidisha katikati ya dhoruba, mafundi walichonga namba zilizokwisha kuzidishwa. Kila nusu ya uzi kwenye tao imeandikwa kana kwamba ni uzi mzima. Ukipata nafasi ya kushika sekstanti ya zamani kwenye makumbusho, chunguza: tao ni nyuzi 60, namba zinafika 120.

Lakini utamu wenyewe hauko hapo. Utamu ni kwamba kifaa kinapoyumba mkononi mwako, nyota na upeo haviachani. Kioo kimoja peke yake kingekuwa balaa, maana mkono ukitikisika uzi mmoja taswira inaruka nyuzi mbili. Vioo viwili vikitikisika pamoja, cha kwanza kinairusha nyota nyuzi mbili huku na cha pili kinairudisha nyuzi mbili kule. Kinachobaki ni pembe kati ya kioo na kioo tu, na hiyo haijali meli inafanya nini. Namba 2 imetumika mara mbili, moja kujumlisha na nyingine kutoa. Nikiri kwamba nilipoelewa hili mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktaba hadi nikatazamwa.

Miaka ya 1750 kapteni John Campbell aliomba tao lirefushwe, kwa sababu alitaka kupima umbali kati ya Mwezi na nyota ili kupata longitudo, na umbali huo unaweza kuzidi nyuzi 90. Hapo sekstanti ikazaliwa, na ikakaa mikononi mwa mabaharia zaidi ya miaka 200.

Doa la mwanga na waya wa baharini

Turuke karne moja. Mwaka 1826 Johann Christian Poggendorff alipendekeza kioo kidogo kifungwe kwenye sumaku inayoning'inia, ili mgeuko wake usomwe kwa mwanga badala ya mshale. Carl Friedrich Gauss na Wilhelm Weber wakaitumia mbinu hiyo Göttingen, ikiwemo kwenye telegrafu yao ya mwaka 1833 iliyovuka mapaa ya mji. Faida ni mbili. Mwale hauna uzito, kwa hiyo unaweza kuwa mshale wa mita tatu, nne, bila kuichosha sumaku. Na kila mgeuko unaonekana mara mbili.

Mbinu hii ilikuja kufa na kupona mwaka 1858. Agosti mwaka huo waya wa telegrafu ulikamilika kati ya Ireland na Newfoundland. Watu walifyatua mizinga na kuwasha mafataki. Malkia Victoria akamtumia Rais Buchanan salamu za maneno karibu 100, na salamu hizo zilichukua kama saa 16 kufika. Umeme ulipenya kilomita elfu kadhaa za waya ndani ya maji, ukatokea upande wa pili umechoka hoi.

Wakati huo kulikuwa na shule mbili za mawazo. Wildman Whitehouse, daktari wa upasuaji aliyegeuka fundi wa umeme wa kampuni, aliamini dawa ni kusukuma kwa nguvu zaidi, na akapeleka volti zinazokadiriwa kufika 2,000. William Thomson wa Glasgow, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliamini kinyume chake. Kwamba tuma umeme kidogo, halafu uwe na jicho kali upande wa kupokea. Jicho lake lilikuwa kioo chenye uzito wa chini ya gramu moja, kimebandikwa sumaku ndogo mgongoni, kinaning'inia kwa uzi wa hariri. Mbele yake taa ya mafuta. Mkondo ukipita, kioo kinageuka kidogo kabisa, na doa linahama kushoto au kulia kwenye mizani iliyo ukutani. Karani anasoma: kushoto, kulia, kulia, kushoto. Ni mchezo wetu wa darasani, ila huyu karani analipwa mshahara.

Whitehouse alikuwa na madaraka, Thomson alikuwa na kioo. Waya ulikufa ndani ya wiki chache. Ulikuwa na kasoro zake tangu kutengenezwa, hilo ni kweli, lakini volti zile zilimaliza kazi, na Whitehouse akafukuzwa. Watu wengi walipoteza fedha zao.

Waya mpya ulifanikiwa mwaka 1866, na ule wa 1865 uliokatika ukaokotwa na kukamilishwa. Hapo mhandisi Latimer Clark akafanya jambo ambalo bado linanishangaza. Aliomba nyaya zote mbili ziunganishwe upande wa Newfoundland, ili umeme uende na kurudi. Kisha akatengeneza betri ndani ya kastabini ya fedha, kile kikofia anachovaa fundi cherehani kidoleni, kwa tone la asidi na kipande cha zinki. Mkondo wa kastabini ukavuka Atlantiki, ukarudi, na doa la mwanga likasogea. Miaka minane kabla volti 2,000 zilikuwa zimeshindwa.

Waya wa aina hiyo ulifika Zanzibar mwaka 1879, ukitokea Aden na kuendelea kusini kuelekea Msumbiji na Durban.

Kioo kinachokimbizana na nuru

Mwaka 1834 Charles Wheatstone alizungusha kioo mara 800 kwa sekunde, akatazama ndani yake taswira za cheche za umeme zilizotokea sehemu tofauti za waya mmoja mrefu. Cheche iliyochelewa kidogo ilikikuta kioo kimeshageuka, na taswira yake ikaonekana imesogea. Kasi aliyoipata kwa umeme ilikuwa kubwa kupita ukweli, lakini mbinu ilikuwa safi. Alikuwa amegeuza muda kuwa umbali. Kioo kinachozunguka kilikuwa saa yake, na ile namba 2 iliifanya saa hiyo ikimbie maradufu.

François Arago wa Paris akaona mara moja pa kuitumia. Kulikuwa na ugomvi wa miaka mingi: nuru ni vipande vidogo, kama Newton alivyodhani, au ni mawimbi? Ukiwa mfuasi wa vipande, lazima ukubali nuru inakwenda haraka zaidi ndani ya maji kuliko hewani. Ukiwa mfuasi wa mawimbi, lazima iende polepole zaidi. Basi wapimwe, anayeshindwa anyamaze. Arago alitangaza mpango huo mwaka 1838, lakini kazi ilisuasua na macho yake yakaanza kumtoka. Jaribio likabaki kwa vijana wawili, Léon Foucault na Hippolyte Fizeau, waliokuwa marafiki na washirika, na ambao kufikia hapo kila mmoja alikuwa anafanya kivyake. Mwaka 1850 Foucault alitangulia kwa wiki chache tu: majini nuru inachelewa. Vipande vya Newton vikapigwa chini, angalau kwa nusu karne.

Mwaka 1862 Foucault akarudi na kifaa bora. Mwale unakigonga kioo kinachozunguka mara takriban 400 kwa sekunde, unakwenda mita kama 20 ukirukaruka kati ya vioo vilivyopangwa ndani ya chumba, unarudi. Safari yote hiyo ni sehemu saba hivi za sekunde iliyogawanywa mara milioni 50. Katika muda huo kioo kimegeuka kidogo mno, na mwale unaorudi unapotoka mara mbili ya hapo. Upotofu alioupima: milimita 0.7. Kama maumbile yasingempa ile mara mbili, angebaki na milimita 0.35 za kubahatisha. Jibu lake lilikuwa kilomita 298,000 kwa sekunde. Thamani tunayotumia leo ni 299,792.458. Chumbani, kwa kioo!

Kosa la mtu mkubwa

Sasa tumefika kwa yule niliyekuahidi. Albert Michelson alizaliwa 1852 katika mji ambao leo uko Poland, akapelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo, akasoma chuo cha jeshi la majini Annapolis na kubaki hapo kama mwalimu. Mwaka 1879, kwa msaada wa dola 2,000 kutoka kwa baba mkwe wake, alirudia jaribio la Foucault nje ya jengo kwa umbali wa mita 600 hivi, akapata upotofu wa zaidi ya milimita 100. Jibu: kilomita 299,910 kwa sekunde. Alikuwa na miaka 26.

Halafu akataka kikubwa zaidi. Wanafizikia wa wakati ule waliamini nuru ni mawimbi ya kitu fulani kinachojaza anga, wakakiita etha. Dunia inazunguka Jua kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, kwa hiyo lazima tuhisi upepo wa etha. Michelson akagawa mwale vipande viwili, kimoja kikaenda mbele na kurudi kwenye kioo, kingine kikaenda pembeni na kurudi kwenye kioo kingine. Vikikutana tena vinatengeneza mistari ya mwanga na giza. Chombo hiki, intaferometa, ndicho mtoto halali wa ile sheria ya kinyozi: kioo kikisogea nusu ya urefu wa wimbi, njia ya mwale inabadilika wimbi zima, na mistari inahama hatua moja kamili. Kwa mwanga wa njano wa sodiamu, nusu hiyo ni nanomita 295. Unywele wako ni mnene zaidi ya mara 100 kuliko hapo.

Jaribio la kwanza alilifanya Ujerumani mwaka 1881. Hakuona upepo. Lakini hesabu yake ya mhamo uliotarajiwa ilikuwa na kosa. Mfikirie mtu mwenye mtumbwi kwenye mto wenye mkondo, kama Rufiji. Akipanda na kushuka, mkondo unamchelewesha, hilo Michelson alilihesabu. Akivuka moja kwa moja kwenda ng'ambo na kurudi je? Michelson alidhani mkondo haumhusu. Unamhusu! Lazima akate mshazari ili asisombwe, na njia yake inarefuka. Vivyo hivyo, nuru inaposafiri kwenda kioo cha pembeni, kioo hicho kimesogea na Dunia, na mwale lazima ukifuate huko kilikoenda. Alfred Potier wa Paris alimdokeza jambo hilo, na mwaka 1886 Hendrik Lorentz akalieleza kikamilifu. Mhamo halisi uliotarajiwa ulikuwa nusu ya ule alioutangaza. Mara mbili. Mtu aliyepima nuru kuliko yeyote duniani alisahau kwamba kioo chake kinasogea, na kosa likatoka na namba ileile.

Nilifurahi kupita kiasi, sitadanganya.

Lakini angalia lilivyo zito. Kwa hesabu sahihi, jaribio la 1881 halikuwa na ukali wa kutosha kusema lolote. Michelson angeweza kukaa kimya. Badala yake alirudia upya na Edward Morley, Cleveland, mwaka 1887: vifaa juu ya jiwe la mraba la mita 1.5 hivi linaloelea kwenye zebaki ili ligeuzwe bila mtikisiko, na mwale ukirudishwa na vioo vingi mpaka kila njia ikawa mita 11. Walitegemea mistari ihame 0.4 ya hatua. Walichokiona hakikufika hata 0.05. Upepo wa etha haukuwepo, na fizikia nzima ikabaki na kitendawili kwa miaka 18.

Na mbili yenyewe si mbili kamili

Mwaka 1900 Aristarkh Belopolsky wa kituo cha nyota cha Pulkovo, Urusi, alitaka kuthibitisha ndani ya maabara kwamba rangi ya nuru hubadilika chanzo kikisogea. Tatizo: nani atakimbiza taa kwa kasi ya kutosha? Akatumia taswira badala ya taa. Alifunga vioo kwenye magurudumu mawili yanayozunguka yakitazamana, mwale ukadunda kati yake. Kila mdundo unaiongezea taswira mara mbili ya kasi ya kioo. Vioo vikikaribiana, kila kimoja kwa kasi moja, baada ya midundo 6 taswira inakuja kwa kasi mara 12. Taa imetulia mezani, taswira yake inakwenda kama risasi.

Sasa jiulize, kwa nini asiendelee hivyo mpaka taswira iipite nuru? Jibu limo kwenye makala ya Einstein ya mwaka 1905, ileile ya nadharia ya uhusianifu, ambamo sehemu ya nane inazungumzia kioo kinachosogea. Kwa kasi ndogo, matokeo ni yaleyale ya mara mbili. Kwa kasi kubwa namba 2 inaanza kunyauka. Kioo kikikujia kwa asilimia 60 ya kasi ya nuru, taswira haiji kwa asilimia 120. Inakuja kwa asilimia 88 hivi. Kwa kasi ya Dunia kwenye njia yake, tofauti na mbili kamili ni kama sehemu moja kati ya milioni 100, kiwango kilekile kidogo ambacho Michelson na Morley walikuwa wanakitafuta kwenye jiwe lao.

Kwa kasi za kwetu barabarani, mbili inatosha kabisa, na huenda umeshawahi kuilipia faini. Trafiki mwenye tochi ya rada anatuma mawimbi, gari lako linayarudisha kama kioo, na rada inaiona taswira yake yenyewe ikiijia kwa kasi mara mbili ya gari. Kwa rada ya gigahezi 24.15, gari la kilomita 50 kwa saa linabadilisha idadi ya mawimbi kwa takriban 2,240 kwa sekunde. Nusu ya hiyo tu ndiyo ingetokea kama gari lingekuwa linatuma mawimbi yake lenyewe. Tochi za leza hazitumii njia hiyo, zinapima muda wa kwenda na kurudi, lakini nazo kompyuta yake lazima igawe kwa mbili kabla ya kuonyesha namba. Mtengenezaji akisahau kama nilivyosahau mimi, dereva wa 45 kwenye alama ya 50 atasimamishwa akiambiwa alikuwa na 90.